Dawa Isiyongoja: Usanisi Unaojiendesha wa Dawa Nururifu na Mgonjwa wa Kanda ya Ziwa

Utangulizi

Minofu ya sangara inayoandaliwa katika viwanda vya Mwanza hufika Ulaya ikiwa ingali safi. Kinachowezesha safari hiyo ni barafu: baridi huchelewesha uozo, na mfanyabiashara hupata muda wa kusafirisha. Dawa nyingi za zahanati nazo zina namna yao ya kungoja. Chanjo hutunzwa katika jokofu. Vidonge hukaa rafuni miezi na hata miaka.

Ipo dawa moja inayotumika katika uchunguzi wa saratani ambayo haijui kungoja. Igandishwe, ifunikwe au iwekwe gizani, nusu ya nguvu yake hutoweka kila baada ya dakika 110. Jina lake ni florodioksiglukosi, na kwa kifupi huitwa FDG. Kwa kuwa haingoji, dawa hii ni miongoni mwa zile ambazo utengenezaji wake ulikabidhiwa mitambo inayojiendesha mapema zaidi, na mitambo ya namna hiyo sasa imo katika Afrika ya Mashariki.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mhudumu wa afya anayempa mgonjwa rufaa kutoka kituo kama cha Kisesa, wilayani Magu, na kwa ajili ya mgonjwa mwenyewe. Mwishoni mwa somo, msomaji ataweza:

(a) kueleza kwa nini FDG hutengenezwa na mtambo na si kwa mikono ya mtu;
(b) kufuatilia hatua kuu za usanisi wake;
(c) kukokotoa kiasi cha dawa kinachopotea njiani;
(d) kumwandaa mgonjwa ili safari yake ya mbali isiwe ya bure.

1. FDG ni nini?

Kila seli ya mwili hutumia glukosi kuwa nishati. Seli nyingi za saratani hutumia glukosi kwa wingi kuliko seli za jirani zake. Wanakemia waliitumia tabia hiyo. Walichukua glukosi, wakaondoa kundi la hidroksili lililo kwenye kaboni ya pili, na mahali pake wakaweka atomu ya florini-18, ambayo ni nururifu, yaani hutoa mionzi.

Seli huipokea FDG ikidhani ni glukosi ya kawaida. Hatua ya kwanza ya kuivunja hufanyika, lakini hatua inayofuata hushindikana kwa sababu ya ile florini. Hivyo FDG hunaswa ndani ya seli. Florini-18 inapooza hutoa chembe iitwayo positroni. Chembe hiyo hukutana na elektroni, zote mbili hutoweka, na badala yake hutoka miali miwili ya gama inayokwenda pande zinazokabiliana. Mashine ya PET, yenye umbo la pete, huidaka miali hiyo na kuonyesha mahali ilipotoka. Ikiunganishwa na picha ya CT, daktari huona umbo la kiungo pamoja na kazi inayofanyika ndani yake.

FDG ilitumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Dawa yenyewe haikutengenezwa hapo. Ilitengenezwa katika maabara ya taifa ya Brookhaven, jimbo la New York, ikasafirishwa kwa ndege hadi Philadelphia. Tangu siku ya kwanza, basi, dawa hii imekuwa ikishindana na saa. Mwaka 1986 wanakemia wa Jülich, Ujerumani, walichapisha njia ya usanisi yenye mavuno makubwa zaidi na hatua chache. Njia hiyo ilifaa kukabidhiwa mashine, na ndiyo msingi wa mitambo mingi inayotumika leo.

Katika ukanda wetu, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, na Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zina saiklotroni, yaani mashine inayozalisha florini-18. Kwa Tanzania, mradi wa huduma ya aina hiyo ulipangiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

2. Kwa nini mikono ya mtu haitoshi?

Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni muda. Mkemia hodari anayepima, kuchanganya, kuchemsha na kuchuja kwa mikono hutumia muda mrefu kuliko mtambo, na kila dakika inayopita inapunguza dawa. Mtambo hukamilisha usanisi wa FDG kwa takribani nusu saa.

Ya pili ni mionzi. Kiasi cha florini-18 kinachoanza kazi asubuhi kinatosha kuwahudumia wagonjwa wengi kwa pamoja. Mtu akikishika kila siku, mikono na macho yake yataumia kabla hajazeeka kazini. Kwa hiyo usanisi hufanyika ndani ya kabati lenye kuta nene za risasi, aghalabu milimita 75. Mtaalamu hukaa nje, mbele ya kompyuta.

Ya tatu ni usawa. Dawa ya Jumatatu sharti ifanane na ya Ijumaa. Mtu huchoka, husahau, hukatizwa na simu. Mtambo hufungua vali ileile kwa sekunde zilezile, na huandika kumbukumbu ya joto, shinikizo na kiwango cha mionzi katika kila hatua. Kumbukumbu hiyo, kama tutakavyoona, ni sehemu ya usalama wa mgonjwa.

3. Usanisi hatua kwa hatua

Kabla ya kazi kuanza, mtaalamu hufunga kwenye mtambo kaseti safi inayotumika mara moja tu: mirija, vali, chupa ndogo za kemikali na vichujio, vyote vikiwa vimepangwa tayari. Akifunga mlango wa risasi na kubonyeza kitufe, yafuatayo hutokea bila mkono wa mtu.

Hatua ya kwanza: kunasa florini. Ndani ya saiklotroni, protoni zenye kasi kubwa hupiga maji maalumu yenye oksijeni-18, na baadhi ya atomu za oksijeni hugeuka kuwa florini-18. Maji hayo husukumwa kwa gesi hadi kwenye mtambo na kupita katika kichujio kinachonasa florini na kuyaacha maji yapite. Maji yenyewe hukusanywa, kwa kuwa ni ya gharama.

Hatua ya pili: kuikausha. Florini huoshwa kutoka kichujioni kwa kaboneti ya potasiamu pamoja na kemikali iitwayo Kryptofix, ambayo huikumbatia potasiamu ili florini ibaki huru kufanya kazi. Kisha maji yote huondolewa kwa joto na kiyeyushi cha asetonitrili. Maji yakibaki huizunguka florini na kuifanya ivivu.

Hatua ya tatu: kuiunganisha. Sukari iliyoandaliwa maalumu, inayotokana na manosi, huingizwa. Kwenye kaboni yake ya pili kuna kundi linalong'oka kwa urahisi. Florini huchukua nafasi hiyo kwa kuingilia upande wa pili. Kwa mgeuko huo, umbo la manosi huwa umbo la glukosi. Kazi hii huchukua dakika chache.

Hatua ya nne: kuvua kinga. Sehemu nyingine za sukari zilikuwa zimefunikwa ili zisiingilie kati. Sasa vifuniko huondolewa kwa asidi au kwa besi.

Hatua ya tano: kusafisha. Mchanganyiko hupita katika vichujio vinavyobakiza mabaki ya kemikali, kisha katika kichujio chenye matundu ya mikromita 0.22 yanayozuia bakteria, na hatimaye huingia katika chupa tasa iliyo ndani ya kopo la risasi.

Msomaji atambue kuwa mtambo haukubuni lolote katika hatua hizi. Kemia ni ileile waliyoibuni watu. Kilichobadilika ni nani anayefungua vali.

4. Usalama wa dawa inayotumika kabla ya majibu kurudi

Hapa pana jambo ambalo mgonjwa ana haki ya kulifahamu. Kwa dawa ya kawaida ya sindano, kiwanda huotesha sampuli kwa siku 14 ili kuhakikisha hakuna bakteria, ndipo dawa hutolewa. FDG haiwezi kungoja siku 14. Kesho yake tu imekwisha. Kipimo cha kuotesha hufanyika, lakini majibu yake hurudi mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani.

Je, mgonjwa anachomwa dawa isiyopimwa? Hapana. Vipimo vinavyowezekana kwa dakika chache hufanyika kabla dawa haijatoka: rangi na uangavu, kiwango cha asidi, mabaki ya Kryptofix, endotoksini, usafi wa kikemia wa florini iliyoungana na sukari, ambao kwa viwango vya Ulaya haupaswi kupungua asilimia 95, na nusu-maisha, ambayo ni lazima iwe kati ya dakika 105 na 115 ili kuthibitisha kuwa kilichomo ni florini-18 na si kitu kingine. Aidha, kile kichujio cha mwisho hujaribiwa kwa shinikizo la gesi kuhakikisha hakikupasuka.

Kwa yale yasiyoweza kupimwa kwa wakati, usalama hutegemea mwenendo wa kazi. Ikiwa hatua ni zilezile, kaseti ni ileile, chumba ni safi na kumbukumbu haionyeshi kasoro, na ikiwa mwenendo huo umewahi kuthibitishwa mara nyingi kwa kipimo cha siku 14, basi kuna msingi wa kuamini toleo la leo. Mwenendo unaobadilikabadilika kwa mkono wa kila mfanyakazi hauwezi kutoa msingi huo. Hii ndiyo hoja yenye uzito zaidi ya kutumia mtambo, na inapita hata hoja ya kasi.

Hata hivyo saini ya mwisho ni ya mtu. Mfamasia au mkemia mwenye dhamana husoma matokeo, na ana mamlaka ya kulizuia toleo hata kama wagonjwa wanasubiri nje. Nchini Tanzania, masuala ya dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na ya mionzi na Tume ya Nguvu za Atomiki.

5. Hesabu ya safari

Tuchukulie kwamba siku moja Mwanza inakuwa na mashine ya PET lakini haina saiklotroni, na dawa inaletwa kwa ndege kutoka Dar es Salaam. Nguvu ya dawa hupimwa kwa megabekereli. Tuseme kila mgonjwa anahitaji 300.

Kanuni ni rahisi: kila dakika 110, gawanya kwa mbili.

Dawa inatoka maabara saa 3:00 asubuhi ikiwa na megabekereli 9,600. Barabara ya kwenda uwanjani, ukaguzi, safari ya angani na barabara ya kutoka uwanjani hadi hospitali vinachukua jumla ya dakika 220, yaani nusu-maisha mbili. Saa 6:40 mchana, zimebaki 2,400. Robo tatu ya dawa imeishia njiani, ingawa hakuna aliyeimwaga hata tone.

Je, 2,400 zinatosha wagonjwa wanane? Zingetosha kama wote wangechomwa kwa dakika moja. Lakini mashine hupiga picha ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Wakichomwa kwa kupishana nusu saa, mgonjwa wa pili anahitaji sehemu iliyokuwa na takribani 362 wakati wa kuwasili, wa tatu 438, wa nne 529, wa tano 639. Jumla ya watano ni kama 2,270. Wa sita hapati.

Sasa ndege ikichelewa dakika 110, zitabaki 1,200. Hizo zinatosha wagonjwa watatu. Wawili kati ya watano waliofunga kula tangu usiku watarudi nyumbani bila kipimo, na hakuna mtu Mwanza anayeweza kuwatengenezea dawa nyingine siku hiyo.

Kwa barabara hesabu haipo kabisa. Baada ya saa 18 na dakika 20, nusu-maisha kumi zimepita, na kinachobaki ni sehemu moja kati ya 1,024.

Kutokana na hesabu hii, anayepanga huduma ya Kanda ya Ziwa ana njia mbili, na kila moja ina bei yake. Akiagiza kwa ndege, anaokoa gharama ya saiklotroni lakini anaiweka ratiba ya wagonjwa mikononi mwa ratiba ya ndege. Akijenga mtambo wake, anakuwa huru na ndege lakini anahitaji umeme usiokatika, maji ya kupoozea, vipuri, kaseti zinazoagizwa nje, na zaidi ya yote wataalamu. Kununua mashine ya picha bila kujibu swali la dawa ni kununua mtumbwi bila kasia.

6. Mambo ambayo mtambo haufanyi

Mtambo haurekebishi makosa yake. Vali ikikwama au mrija ukivuja katikati ya kazi, mlango wa risasi haufunguliwi papo hapo, maana ndani kuna mionzi mikali. Toleo hilo hupotea, na kuzalisha florini nyingine huchukua saa kadhaa. Umeme ukikatika kwa dakika chache pasipo betri ya akiba, matokeo ni yaleyale. Kwa hiyo mgonjwa anapoambiwa kwamba dawa ya leo haikufaulu, asidhani amenyimwa. Huenda mtaalamu amemlinda kwa kulikataa toleo lenye kasoro.

Mtambo hauondoi haja ya mtaalamu. Fundi wa saiklotroni, mkemia, mfamasia, mtaalamu wa fizikia ya tiba na mhandisi wa vifaa tiba wote wanahitajika, tena wenye mafunzo ya juu kuliko ya mtu wa kuchanganya kemikali kwa mkono.

Tena mtambo hautambui ugonjwa. FDG huenda kokote glukosi inakotumika kwa wingi: ubongo, moyo, misuli iliyofanya kazi, na vidonda vya maambukizi. Kifua kikuu huweza kung'aa pichani kama saratani ya mapafu. Tezi za mtu mwenye VVU ambaye virusi vyake havijadhibitiwa nazo huweza kung'aa. Katika ukanda wetu hili ni jambo zito. Kisesa yenyewe inafahamika kwa utafiti wa muda mrefu wa VVU katika jamii, ulioanza mwaka 1994 chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza. Mng'ao pichani ni swali kwa daktari. Jibu mara nyingi hupatikana kwa kukata kinyama na kukipima.

7. Kazi ya kituo cha afya

Kwa mhudumu wa afya

Kisesa iko kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, karibu na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Mgonjwa wa saratani kwa kawaida hupita Bugando kwanza, na kipimo cha PET-CT kikihitajika huelekezwa mbali zaidi. Barua yako ya rufaa ndiyo itakayosomwa na mtu asiyemjua mgonjwa. Iandike ikiwa na mambo haya: historia ya kifua kikuu na matibabu yake, hali ya VVU na dawa anazotumia, kwa ridhaa ya mgonjwa na kwa kutunza siri yake, kisukari, ujauzito au kunyonyesha, tarehe ya upasuaji, tiba ya kemikali au mionzi ya mwisho, na maambukizi au jeraha lililopo sasa.

Mgonjwa wa kisukari apangiwe dawa zake na kituo cha kipimo mapema. Sukari ya damu ikizidi milimoli 11 kwa lita, vituo vingi huahirisha kipimo, kwa sababu glukosi iliyojaa damuni hushindana na FDG. Vituo vingine huagiza metformini isitishwe kwa saa 48. Mgonjwa asiache wala kubadili dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kwa mgonjwa

Fika mapema kuliko saa uliyopewa. Dawa yako imetengenezwa asubuhi ileile kwa hesabu inayokuhusu wewe. Ukichelewa dakika 55, karibu asilimia 29 ya nguvu yake imekwenda.

Usile kwa muda wa angalau saa sita kabla ya kipimo, au kama kituo kitakavyoelekeza. Chai yenye sukari ni chakula. Kipande cha tobolwa cha kupunguza njaa safarini ni chakula pia, tena chenye sukari. Maji matupu yanaruhusiwa.

Siku moja kabla, usilime, usibebe ndoo za maji, wala usiendeshe baiskeli mwendo mrefu. Misuli iliyochoka hunyonya FDG na kuchafua picha. Vaa nguo za kukupa joto.

Baada ya sindano utapumzika kimya kwa muda wa kama saa moja kabla ya picha. Tulia, usitafune kitu, usizungumze sana. Kisha kunywa maji na kukojoa mara kwa mara, kwani sehemu ya dawa hutoka kwa mkojo. Kwa saa za mwanzo fuata maelekezo ya kituo kuhusu kukaa karibu na mjamzito au kumpakata mtoto mchanga. Kesho yake mionzi iliyobaki mwilini ni kidogo mno. Hutaambukiza mtu yeyote, wala hakuna haja ya kutengwa na familia.

8. Maswali ya kujipima

1. Chupa ya FDG ina megabekereli 800 saa 2:00 asubuhi. Itakuwa na kiasi gani saa 5:40 asubuhi?
2. Kwa nini majibu ya kipimo cha bakteria hayawezi kusubiriwa, na ni nini kinachoshika nafasi yake?
3. Mgonjwa aliyewahi kuugua kifua kikuu amerudi na picha inayong'aa pafuni. Utamwambia nini?

Majibu

1. Dakika 220 ni nusu-maisha mbili, zinabaki 200.
2. Kipimo huchukua siku 14 na dawa haidumu hata siku moja. Nafasi yake hushikwa na vipimo vya haraka, jaribio la kichujio, na mwenendo wa kazi uliothibitishwa na usiobadilika.
3. Mwambie kwamba mng'ao peke yake hauthibitishi saratani, kwamba kovu au ugonjwa wa kifua kikuu huweza kuonekana hivyo, na kwamba daktari atahitaji kipimo cha makohozi au cha kinyama. Usimhakikishie kuwa hana saratani, wala usimkatie tamaa.

Hitimisho

Nusu saa ya kazi ya mtambo ndani ya kuta za risasi huwa na manufaa ikiwa tu mwisho wake ni mgonjwa aliyefika kwa wakati, ambaye hajala, mwenye barua iliyoandikwa vyema. Sehemu ya kwanza ya kazi hiyo iko Nairobi au Dar es Salaam. Sehemu ya mwisho huanzia katika kituo cha afya, siku mgonjwa anapopewa maelekezo; na hiyo hakuna mtambo utakaoifanya badala yetu.